Siku Tuliyolijaribu Jaketi

Mdogo wangu alisimama mlangoni pa jikoni akiwa bado na sare ya kazi, akaninyooshea simu yake. Kwenye kioo kulikuwa na jaketi la buluu. Lilikuwa limevaliwa na dada mmoja wa Kizungu aliyesimama juu ya theluji, miguuni amefunga mbao za kutelezea.

"Yaya, unalionaje?"

Nilikuwa nasonga ugali na sikuacha kusonga. Niliangalia bei tu, nikamuuliza, "Hilo ni jaketi au ni pikipiki?"

Alicheka. Alikuwa amezoea kucheka ninapomsema hivyo. Kwetu mashariki mwa Kongo, yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Kigoma, tulikokulia kwenye kambi ya wakimbizi, yaya ni mtu wa kulea watoto wa watu. Mimi kwake nilikuwa yote mawili. Mama alifariki yeye akiwa na miaka saba na mimi kumi na tisa, na tangu siku hiyo mimi ndiye niliyemwogesha, nikamsuka, nikamchapa. Sasa alikuwa na miaka ishirini na sita, ana cheti cha kuhudumia wazee na mshahara wake mwenyewe, na bado hakununua hata kandambili bila kunionyesha kwanza. Hakuwa anaomba hela. Alitaka niseme ndiyo.

Sikusema. Nilimwambia aweke sahani mezani.

Tulikuwa tunapanga nyumba ya matofali Toongabbie, magharibi mwa Sydney, mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka kumi na mitatu, na yeye. Ilikuwa majira ya baridi ya kwanza tangu nchi ifunguliwe baada ya korona, na mvua ilinyesha kana kwamba mtu amesahau kufunga bomba. Wenzake watatu wa kazini walikuwa wanapanga kwenda kwenye milima ya theluji, mwendo wa saa sita kwa gari, siku mbili tu, na wakamwalika. Suruali na viatu na mbao angeweza kukodi kule kule. Kuhusu jaketi walimwambia asikodi, kwa kuwa ya kukodi yamechoka na yanapitisha maji. Nunua moja zuri, walimwambia, utalivaa hata mvua hii ya kwenda kazini.

Hoja hiyo ya mvua ilikuwa ya kweli. Shifti yake ilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alitembea dakika ishirini hadi kituo cha treni akiwa na koti la sufu tulilopewa kanisani, koti ambalo likilowa lilikuwa na uzito wa mtoto. Mara nyingi nilimwona akilikamua jioni juu ya sinki la kufulia. Ningeweza kusema ndiyo kwa sababu ya koti lile peke yake.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, na nisipolisema hapa, mengine yote hayataeleweka.

Mwaka uliotangulia, wakati wa lokdauni ndefu, mitaa yetu ya magharibi ilibanwa kuliko mitaa ya matajiri wa kando ya bahari. Helikopta za polisi zilizunguka juu ya mapaa. Mimi nilikuwa nafanya usafi kwenye maofisi ya mjini. Maofisi yalifungwa nikabaki nyumbani na binti yangu na kompyuta ya shule. Mume wangu aliendelea kubeba makontena kwa lori kutoka bandari ya Port Botany, lakini safari zilipungua. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa na barua ya kibali kwenye mkoba, ndiye aliyetoka kila siku, ndiye aliyerudi na mkate na habari. Alisimulia juu ya bibi mmoja aliyekataa kula mpaka yeye afike, na babu mmoja aliyemwita malkia. Kwa miezi ile yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba, na hakujua. Mimi nilijua. Nilipomwona akivaa viatu vyake asubuhi huku mimi niko kwenye kanga, nilihisi kitu ambacho sikutaka kukipa jina.

Kazini kwao wazee wawili walipougua, nilimhamishia gereji ya nyumbani kwa wiki mbili. Vipimo vilionyesha hana korona. Nilimwambia kipimo hakina macho. Alilala kule kwenye godoro, pembeni mwa magurudumu ya akiba, akatoka kwenda kulea wazee wa watu na kurudi, na hakulalamika hata siku moja. Ningempenda zaidi kama angelalamika.

Basi jaketi lilipokuja, nililipokea kama mtu aliyekuwa anasubiri.

Kwa wiki nzima nililifanyia mzaha. Asubuhi nilimwuliza kama mbao zake za kutelezea zitaingia kwenye treni. Mezani nilimwambia mume wangu, "Watu wetu walikimbia kutoka milimani bila viatu. Huyu analipa arudi mlimani."

Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema, "Si pesa yake? Mwache anunue."

"Shemeji, mimi nataka tu kuiona theluji," mdogo wangu alisema. "Mara moja. Nikiiona basi."

"Fungua friji uione," nikamwambia.

Binti yangu alicheka mpaka akapaliwa. Mdogo wangu naye alicheka, huku akikusanya sahani.

Jumamosi nilikwenda naye dukani Parramatta. Sikualikwa, nilichukua mkoba nikaingia kwenye gari. Muuzaji alikuwa kijana mpole mwenye barakoa iliyoshuka chini ya pua. Alitueleza kwa uvumilivu. Kitambaa kina tabaka tatu, alisema. Mishono yote imezibwa kwa utepe kwa ndani, kwa sababu maji huingilia kwenye matundu ya sindano. Kuna kibwebwe cha ndani kinachofungwa kiunoni ili ukianguka theluji isipande mgongoni. Kofia ni kubwa ipite juu ya helmeti. Alionyesha kila kitu kwa vidole, akageuza mkono wa jaketi nje ndani. Nilielewa kila neno. Ni jaketi zuri, nilijisemea. Mtu angelivaa miaka kumi.

Mdogo wangu alilivaa, akapandisha zipu mpaka kidevuni, akageuka kwenye kioo.

Yeye ni mrefu, mabega yamekaa kama ya baba. Buluu ile ilimkaa vizuri mno. Mteja mmoja, mama wa Kizungu mwenye mvi, alipita nyuma yetu akamwambia kwa Kiingereza kwamba amependeza. Nikamwona mdogo wangu akijitazama jinsi ambavyo sikuwahi kumwona akijitazama, bila kuniangalia mimi kwanza.

Nikamwambia kwa Kiswahili, taratibu, "Umelala chini ya turubai la buluu miaka kumi na moja. Serikali ya watu imekuleta mpaka Sydney. Leo unanunua turubai."

Muuzaji alitabasamu. Alifikiri nimesifia.

Mdogo wangu alishusha zipu polepole. Nilidhani atalivua alirudishe kwenye henga na mambo yaishe hapo. Lakini alikwenda nalo mpaka kaunta, akalipa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kununua kitu nilichokikataa. Muuzaji akamwambia ana siku thelathini za kulirudisha akibadili mawazo, mradi lisiwe limevaliwa nje na lebo isitoke.

Neno hilo, kulirudisha, nilirudi nalo nyumbani.

Jaketi lilitundikwa nyuma ya mlango wa chumba chake na lebo yake ikining'inia kwenye zipu. Alikuwa bado hajaamua moyoni. Nilijua kwa sababu hakulivaa Jumatatu wala Jumanne ingawa mvua ilinyesha. Alitoka na lile koti la sufu. Jioni alirudi amelowa, akaenda kusimama mbele ya mlango wake akilitazama. Alipoona nimemwona, akasema, "Labda ni kweli ni ghali, Yaya. Siku mbili tu."

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Alikuwa amefika mwenyewe pale nilipomtaka. Lakini sikutaka alirudishe kwa busara yake mwenyewe. Nilitaka alirudishe ameshindwa.

"Huwezi kuamua kabla hujalijaribu," nikamwambia. "Wanasema halipitishi maji. Twende bafuni tuone."

"Likilowa dukani watakataa."

"Kama ni zima litakauka. Au huliamini?"

Alinitazama. Nilimlea mimi, nilijua akiulizwa kama anaamini hawezi kukataa. Akalivaa juu ya fulana yake ya kulalia ya kijivu, akavaa na suruali ya zamani, akaingia kwenye beseni la kuogea miguu mitupu. Binti yangu alikuja mbio na simu yake. Nilimwambia arekodi, ili tuwe na ushahidi wa kuwapelekea dukani likivuja. Nilisema hivyo kwa sauti ya utani, na wote watatu tulikuwa tukicheka nilipofungua bomba la mvua.

"Yaya, weka ya moto kidogo."

"Mlimani kuna maji ya moto?"

Nilifungua ya baridi. Ilikuwa mwezi wa saba, na maji ya bomba miezi hiyo yanauma mifupa. Yalimpiga kichwani juu ya kofia ya jaketi, yakateleza mabegani yakimwagika pande zote kama kwenye bati. Jaketi lilifanya kazi yake. Lilitoa sauti kavu, ya ngoma, na matone yalikuwa yanaviringika juu ya kitambaa bila kushika. Alianza kutabasamu. Alinyoosha mikono yote miwili, akaigeuza.

"Yaya, ona. Ona!"

"Geuka. Inama. Inua mikono." Alifanya yote. Suruali ilikuwa imelowa chapachapa na alikuwa anatetemeka kuanzia magotini. Nikasema, "Sasa toa kofia."

"Kofia si ndiyo inazuia?"

"Mlimani upepo utaivua. Toa."

Binti yangu aliacha kucheka. Alikuwa bado ameshika simu, lakini alinitazama mimi badala ya kutazama kioo.

Mdogo wangu alirudisha kofia nyuma. Maji yalimpiga usoni, akakosa pumzi, yakaingia shingoni na kushuka ndani. Niliyaona yakipita, mabega yake yaliruka. Niliacha bomba likimwaga. Sijui muda gani. Siwezi kujidanganya kwamba ilikuwa sekunde chache. Nywele zake, alizosukwa siku mbili kabla na mama mmoja wa Blacktown kwa saa tano, zilining'inia usoni. Hakutoka. Hakuna aliyemfungia mle ndani, na hakutoka, kwa sababu sikuwa nimemwambia atoke.

Nilipofunga bomba nilimwambia avue jaketi tukague. Fulana ilikuwa imelowa shingoni na mstari mmoja katikati ya mgongo, palipopita maji yaliyoingilia juu. Kwingine kote ilikuwa kavu. Nilimshika bega la kushoto kwa kiganja kizima. Lilikuwa kavu kama unga.

"Limelowa," nikasema. "Unaona, linavuja. Wamekuibia."

Alishika bega lake mwenyewe. Akalishika tena. Kisha akanitazama kwa muda mrefu, maji yakimdondoka kwenye kidevu, na nikaona kwamba amejua. Alikuwa hajui tu afanye nini na kitu alichokijua.

"Sawa, Yaya," akasema. Akachukua taulo.

Ningeweza kuishia hapo na bado ningekuwa na vya kutosha vya kutubia. Usiku ule niliichukua ile video kwenye simu ya binti yangu nikaituma kwenye kundi la akina mama wa kwaya. Chini yake niliandika kwamba mdogo wangu anajiandaa kwa safari ya theluji, tumwombee. Majibu yalianza kuingia kabla sijalaza kichwa. Nyuso za kucheka, machozi ya kucheka. Mmoja aliandika kwamba yeye hutumia mfuko wa takataka, unazuia maji na ni bure. Niliyasoma moja moja nikiwa kitandani, na nilifurahi. Miezi yote ile ya kukaa nyumbani sikuwa nimewachekesha watu hata mara moja.

Jumapili tulikwenda kanisani Blacktown. Wengi walikuwa bado na barakoa, na kwaya ilisimama kwa nafasi. Mdogo wangu aliimba sauti ya pili, kama siku zote. Baada ya ibada, tulipokuwa tunapanga viti, mama mmoja alimpita akamfinya shavu akasema, "Mwanangu, leo umeoga na nguo au bila nguo?" Wenzake watatu wakaangua kicheko. Mwingine akamwita Mama Turubai. Neno lile nilikuwa nimemsimulia mimi, kwa simu.

Mdogo wangu alitabasamu kwanza, kama mtu anayesubiri kuelezwa mzaha. Kisha mmoja wao akatoa simu akamwonyesha. Alitazama video yote mpaka mwisho, pale mbele ya watu, akiwa ameshika kiti cha plastiki mkono mmoja. Alipomaliza alimshukuru yule mama, akakiweka kiti juu ya vingine.

Garini alikaa mbele kwa sababu mume wangu alikuwa kazini na mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Binti yangu alikuwa nyuma. Tulipofika kwenye taa za barabarani mdogo wangu akaniuliza,

"Yaya, ni wewe uliyetuma?"

Taa zilikuwa nyekundu. Niliangalia mbele.

"Ni huyo mtoto," nikasema. "Unajua watoto wa siku hizi na simu zao."

Kwenye kioo cha juu nilimwona binti yangu akiinua kichwa. Kiswahili anakielewa chote. Mdogo wangu hakugeuka nyuma kumgombeza wala kumuuliza. Aliweka mkono wake nyuma, katikati ya viti, kiganja juu, na binti yangu akakishika. Walishikana hivyo mpaka tulipofika nyumbani, na mimi niliendesha.

Hatukuzungumza tena juu ya jaketi. Asubuhi ya pili yake nilisikia kitu kikikatwa kwa mkasi chumbani kwake, ilikuwa lebo. Alitoka amelivaa, akanisalimia, akaondoka kwenda kituoni kwenye mvua. Wiki mbili baadaye wenzake walikuja kumchukua na gari, yeye na begi lake. Aliporudi Jumapili jioni nilimwuliza, "Umeiona theluji?" Akajibu ndiyo, akasema amechoka, akaenda kulala. Kabla ya mwezi huo kwisha alihamia nyumba ya mmoja wao, karibu na kazini. Mume wangu alimbebea godoro. Sikulia. Niliwaambia watu kanisani kwamba mdogo wangu amekuwa Mzungu, na walitikisa vichwa wakanihurumia, na huruma yao niliipokea.

Mume wangu hakuniuliza kitu juu ya ile video. Aliiona, najua, kwa kuwa mabwana wa wale akina mama waliiona. Jioni moja tu, akivua buti zake mlangoni, alisema, "Ulikuwa na mtu mmoja duniani aliyekuwa anakuomba ruhusa." Akaingia kuoga.

Sasa mdogo wangu anasomea uuguzi. Tunaonana kwenye harusi na misiba. Ananisalimia vizuri, ananiuliza mgongo wangu unaendeleaje, ananipakulia chakula. Sijamwomba msamaha. Mara mbili nimeanza, na mara zote mbili alinikatiza kwa upole, akasema hayo yamepita, kama mtu anayefunga mlango bila kuubamiza. Hakutaka kunipa hata nafasi ya kulia mbele yake.

Mwaka jana binti yangu, ambaye humtembelea kila mwisho wa mwezi, alinieleza habari ya ile safari. Alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazi ya jioni sebuleni, mimi nachambua maharage. Alisema kwa Kiingereza, kama jambo la kawaida, kwamba kule mlimani ilinyesha mvua siku zote mbili. Theluji ilikuwa imebaki tope jeusi pembeni mwa barabara, na vile viti vya kuwapandisha watu mlimani vilifungwa. Wenzake walikaa ndani wakicheza karata. Mama yake mdogo alivaa jaketi akatoka peke yake, akatembea kwenye mvua mpaka giza, akarudi mkavu. Hakuteleza hata hatua moja.

"Kwa nini hakuniambia?" nikauliza.

Binti yangu hakuhitaji kujibu, kwa sababu wakati huo huo, kabla sijapata nafasi ya kukizuia, kitu ndani yangu kilikuwa kimefurahi, na furaha ile ilipanda mpaka usoni. Niliihisi kwenye pembe za mdomo. Niliinamisha kichwa haraka kwenye maharage.

Alikuwa ameshaiona. Alisimama kidogo na pasi mkononi, mvuke ukitoka, akinitazama bila hasira. Kisha akageuza mkono wa shati upande wa pili, akaendelea kupiga pasi.